Daktari wa familia aliyejikita kwenye afya ya wanawake: maoni yangu baada ya mwaka mzima kwake

Swali lililofanya nimwamini halikuwa la kitaalamu hata kidogo. Aliniuliza, dada, usiku unaamka kubadilisha pedi au unalala nayo mpaka asubuhi? Nikamwambia naamka mara mbili, saa nyingine tatu, na natandika taulo jeusi chini yangu, na siku ya pili ya hedhi sivai nguo nyeupe hata iweje. Akaacha kuandika, akaniangalia, akauliza na mabonge je, madogo kama kucha ya dole gumba au makubwa zaidi? Nikamwonyesha kwa vidole. Nilikuwa nimezunguka na hilo tatizo karibu miaka miwili na hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe kutaka kujua ukubwa wake.

Naandika hapa kwa sababu nilipokuwa natafuta daktari wa aina hii sikupata mtu aliyeeleza vizuri unaenda kukutana na nini. Kwa wasiojua, huyu sio gaini, yaani sio daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake anayefanya opareshini. Ni daktari wa familia wa kawaida kabisa, anayetibu vikohozi vya watoto, presha za wazee na migongo ya kila mtu, ila ameongeza masomo na mazoezi kwenye mambo yetu: hedhi, uzazi wa mpango, kukoma hedhi, vipimo vya mlango wa kizazi, mkojo kuvuja, maumivu ya nyonga, na yale ya chumbani ambayo tunaona aibu kuyataja. Mwanzoni nilidhani ni daktari nusu kwa nusu, kwamba anajua kidogo huku na kidogo kule, lakini nimegundua huo ujuzi wa pande mbili ndo ulionisaidia mimi, na nitaeleza kwa nini.

Nina miaka 46. Kabla yake nilipita kwa watu watatu. Wa kwanza alinipa dawa za maumivu akasema ni umri, vumilia. Wa pili alikuwa bingwa, akanipiga ultrasaundi akaona faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, moja ya sentimita mbili iliyokaa ndani ya nyama ya kizazi, akasema hiyo ndogo haihitaji opareshini, na kweli haikuhitaji, ila maongezi yakaishia hapo, nikatoka na picha mkononi na damu zangu zile zile. Wa tatu akaniandikia vidonge vya majira vile vya homoni mbili ili damu itulie. Sitaji majina wala sehemu, na siwachukii, nadhani kila mmoja aliangalia kipande chake. Wakati huo huo nilikuwa nachoka mpaka ngazi za ghorofa moja nazipanda kwa kupumzika katikati, moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu, nywele zinabaki kwenye kitana, usiku naamka nimelowa jasho. Hayo yote nilikuwa nayahesabu kama magonjwa manne tofauti na kila moja nalipeleka sehemu yake.

Huyu daktari alichofanya ni kuyaweka yote juu ya meza moja. Kikao cha kwanza kilichukua kama dakika 40, akaanza na historia, akauliza mimba ngapi, watoto wangapi, zilizoharibika ngapi (hapo alishusha sauti na akanipa muda, nilimshukuru kwa hilo), familia kuna nani mwenye saratani ya matiti au ya ovari, nani aliwahi kugandisha damu mguuni, navuta sigara au sivuti. Afu akafika kwenye kipandauso. Nilimwambia ndio kinanishikaga tangu usichana. Wengine wote waliishia hapo, unaumwa kichwa, ndio, sawa. Yeye akauliza, kabla kichwa hakijaanza, kuna kitu unaona? Nikasema naona kama mistari ya mwanga iliyovunjika vunjika, inametameta pembeni ya jicho, inakaa robo saa hivi, afu ndo kichwa kinakuja. Akaweka kalamu chini. Akasema hivyo vidonge vya homoni mbili leo ndo mwisho, usimeze hata kimoja, kwa sababu mwenye kipandauso cha aina hiyo ya kuona mwanga akitumia dawa yenye estrojeni, moja ya zile homoni mbili, ya vidonge vile hatari ya kiharusi inapanda, na umri wako nao unaongezea.

Jamani mimi nilikuwa nimeshavimeza miezi minne. Sikulia pale, nililia nikiwa njiani narudi. Ni swali moja tu, la sekunde tano, na mwenye kujua homoni bila kujua vichwa asingeliuliza, na mwenye kujua vichwa bila kujua homoni angelisikia jibu na asilifanyie kitu. Nikisema ujuzi wa pande mbili ndo namaanisha hicho.

Vipimo alivyoagiza vilikuwa vichache na kila kimoja aliniambia anakitafutia nini, hakuniandikia rundo. Picha kamili ya damu, feritini ambayo ndo ghala la madini ya chuma mwilini, thairoidi kwa sababu tezi ikilegea nayo inaweza kuongeza hedhi na kuleta uchovu, na kipimo cha mimba hata nilipomwambia haiwezekani, akasema nakuamini dada ila kwa mwanamke anayetoka damu hovyo hicho hatukiruki. Majibu yalipotoka damu ilikuwa 8.9 na feritini 6. Akachora ghala kwenye karatasi, kibanda kidogo chenye mlango, akasema mwili umekula akiba yote ukaanza kula mtaji, ndo maana moyo unakimbia, unajaribu kuzungusha damu kidogo kwa haraka zaidi, ndo maana na nywele. Thairoidi ilikuwa sawa.

Kuhusu vidonge vya madini ya chuma naomba niseme maana wengi tunavimeza vibaya. Nilishawahi kupewa nikaviacha kwa sababu vilinifungia choo na tumbo likawa linasokota. Yeye aliniambia nimeze kimoja tu, tumbo likiwa tupu, nisishushie na chai wala kahawa kwa sababu zinazuia madini yasiingie, na nikishindwa kuvumilia nimeze siku moja niache siku moja, kwa sababu mwili hauchukui zaidi ukiujazia. Akaniambia mapema kwamba choo kitakuwa cheusi nisishtuke. Na kwamba damu ikifika kawaida nisiache hapo hapo, niendelee kama miezi mitatu kujaza ghala. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye pakiti niliyopewa mara ya kwanza kule kwingine.

Kitu kingine kilichonipa imani ni pale aliposema hili silifanyi mimi. Nilimtajia kwamba kuna miezi damu inatoka hata katikati, nje ya siku zangu, akasema kwa mtu aliyeshavuka miaka 45 na anatoka damu ya namna hiyo lazima kinyama kidogo kichukuliwe kwenye ukuta wa ndani wa kizazi kikapimwe, tujue hakuna seli zinazobadilika, na kwamba hilo anampelekea bingwa. Barua ya rufaa aliiandika pale pale mbele yangu na akanisomea. Ilikuwa na kila kitu, feritini, kipandauso, faibroidi, vidonge nilivyoachishwa na sababu yake. Nilipofika kwa bingwa sikuanza kusimulia upya kama nilivyozoea, alikuwa ameshasoma, tulimaliza haraka na majibu yakarudi salama. Daktari anayejua mwisho wa mamlaka yake mimi namheshimu kuliko anayejaribu kila kitu.

Tukakubaliana kitanzi cha homoni. Nasema tukakubaliana kwa sababu alinipa njia zingine pia, akanieleza hiki kinatoa homoni moja tu, tena pale pale kwenye kizazi, kinafanya ukuta wa ndani uwe mwembamba ndo maana damu inapungua, na kwamba faibroidi yangu haijagusa uwazi wa ndani kwa hiyo kitakaa vizuri. Akaniambia ukweli pia, miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo utakuwa unaona matone matone yasiyo na mpangilio, utataka kunipigia uniambie nikitoe, nakuomba uvumilie mpaka mwezi wa sita ndo uamue. Na kweli mwezi wa tatu nilitaka kupiga. Nisingekuwa nimeambiwa ningekitoa.

Siku ya kuweka naisimulia kidogo kwa wale wanaoogopa kama mimi. Kulikuwa na nesi upande wa kichwani. Daktari akasema kabla hatujaanza, ukisema simama nasimama, hata kama imebaki kidogo, na huhitaji kunipa sababu. Kile kifaa cha kufungulia alikipitisha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Kila hatua alitangulia kuisema, sasa utasikia mkono wangu pajani, sasa kohoa, na nilipokohoa ndo akachoma ganzi, sasa itabana kama tumbo la hedhi kwa muda wa pumzi tatu, hesabu na mimi. Iliuma, sitadanganya, pumzi ya pili iliuma sana nikaminya mkono wa nesi, lakini ya tatu ilikuwa inashuka. Akaniacha nimelala robo saa nisije nikasikia kizunguzungu. Nimewahi kufanyiwa vitu vya chini kwingine ambapo hakuna aliyeniambia chochote, nikatoka natetemeka, na maumivu yenyewe wala hayakuwa makubwa kuliko haya. Tofauti ni kuambiwa.

Siku hiyo hiyo akaniuliza mara ya mwisho kupima mlango wa kizazi ilikuwa lini. Nikahesabu, miaka saba. Akaniambia siku hizi kinachotafutwa kwanza ni kirusi chenyewe, HPV, maana aina mbili tu, 16 na 18, ndo ziko nyuma ya kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri kipimo hicho kuanzia miaka 30, kurudia kila miaka 5 mpaka 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25 na kurudia kila miaka 3 mpaka 5. Akasema kipimo hiki mwanamke anaweza hata kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba nyuma ya pazia, ila kwa kuwa nipo tayari kitandani achukue yeye tumalize. Sikuwa nakijua hicho cha kujichukulia. Nina rafiki ambaye alishaapa hapandi kile kitanda tena maishani, nilimwambia jioni ile ile, na wiki iliyofuata akaenda akajichukulia. Kwa hilo peke yake ningempa huyu daktari nyota zake.

Sasa kuna jambo nililifanya siri miaka tisa, tangu mtoto wa mwisho. Nikikohoa au nikicheka navuja mkojo. Sikulisema, aliliuliza yeye, mwishoni nimeshashika mkoba, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza unalala saa ngapi, ukipiga chafya inakuwaje huko chini? Nikakaa tena. Nikamwambia na mazoezi ya kubana nafanya, hayasaidii. Akasema hebu nikuangalie unavyobana. Kumbe nilikuwa nabana tumbo na makalio, na pumzi nazuia, yaani nilikuwa nasukuma chini badala ya kuvuta juu! Akanielekeza, vuta kama unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, tumbo libaki laini, pumzi iendelee, mara nane, mara tatu kwa siku, na usinihukumu mpaka miezi mitatu ipite. Imepita. Sijapona moja kwa moja ila pedi ya kutembelea nimeiacha, na wiki iliyopita nilicheka kwenye sherehe mpaka machozi bila kukimbilia choo.

Dada yangu mkubwa naye. Ana miaka 58, hedhi ilikoma miaka mitano iliyopita, akaniambia kwenye simu kama kitu cha kupita kwamba ameona tone la damu kwenye nguo ya ndani, kidogo tu, labda joto. Nilikuwa na miadi kesho yake nikamtajia daktari. Akaniambia damu yoyote baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, hata tone, hata mara moja, haisubiriwi, mwambie aje wiki hii. Mara nyingi sababu sio mbaya, akasema, lakini huwezi kujua kwa kukisia. Akampima, ultrasaundi ikaonyesha ukuta wa ndani mnene kuliko milimita 4 ambazo wanaziangalia kama mpaka, akapelekwa kwa bingwa, ikakutwa ni kinyama tu kilichoota ndani, kikatolewa, kikapimwa, salama. Mama zetu na dada zetu wakubwa wengi wangekaa kimya na tone lile. Tafadhali ulizeni dada zenu.

Nyota nimempa nne na sio tano, na sababu ni hizi. Foleni. Miadi ya saa nne naingia saa tano na nusu, kila mara, kwa sababu kila mwanamke aliye mbele yangu naye anapewa zile dakika 40, kwa hiyo siwezi kulalamika sana lakini mtu mwenye kazi anaumia. Kliniki hiyo ya wanawake ni siku mbili tu kwa wiki, nafasi inapatikana baada ya wiki tatu mpaka nne, na ukija siku nyingine unakutana na mwenzake ambaye ni mpole ila sio fani yake, mimi ilinitokea mara moja nikarudi nyumbani na maswali yangu. Mapokezi ndo panaponiudhi kabisa. Unaulizwa umekuja kwa tatizo gani mbele ya benchi la watu, kwa sauti, mama mmoja mbele yangu alijibu "nimekuja tu kumuona" mara tatu mpaka akakata tamaa akasema, na nikaona mabega yake yalivyoshuka. Nilimwambia daktari. Akasema atalifikisha, na mara ya mwisho nimeona wameweka karatasi ya kuandika sababu na kuikunja, ila yule wa dirishani bado anaisoma kwa sauti. Na majibu ya maabara yanatumwa kwenye simu yakiwa namba tupu bila maelezo, usiku, niliiona ile 8.9 saa tatu usiku na sikulala.

Kama unatafuta wa kwako, maneno afya ya wanawake kwenye kibao mlangoni hayakuthibitishii kitu, uliza. Mimi niliuliza amesomea nini zaidi na wapi kafanyia mazoezi, vitanzi anaweka mara kwa mara au mara moja moja, na nani anampelekea kesi zinazomzidi, akanijibu bila kukasirika. Akikasirika umeshapata jibu. Na nenda na kumbukumbu, mwenzenu nilienda na daftari la miezi mitatu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, pedi ngapi kwa siku, siku za kipandauso, na majina ya dawa zote hata zile za kununua mwenyewe. Alilisoma lote. Na siku zote ananiona kwanza peke yangu hata kama nimesindikizwa, na siku ya kwanza aliniuliza kama nyumbani niko salama. Mimi niko salama, ila nilijua kuna mwenzangu anaulizwa hilo kwenye kiti kile na hajawahi kuulizwa popote.

Leo kitanzi kina miezi tisa, hedhi imebaki matone ya siku mbili, damu imefika 12.6, ngazi napanda nikiongea na simu. Kilichobaki ni jasho la usiku. Ameniambia hizo ni dalili za kuelekea kukoma hedhi, ambako wengi tunafika kati ya miaka 45 na 55, na kwamba estrojeni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi ni tofauti na vile vidonge alivyoniachisha, haina ile hatari ya kugandisha damu kama ya kumeza, na kitanzi kitakuwa kinalinda ukuta wa kizazi usinenepe. Nilimwambia nimesikia homoni zinaleta saratani. Hakunidharau. Akanieleza kwamba hofu kubwa ilitoka kwenye utafiti mmoja wa Marekani uliositishwa 2002, ambao wanawake wake walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wameshakoma hedhi zamani, na kwa waliopewa homoni mbili ndo saratani ya matiti iliongezeka kidogo, kwa hiyo hatari ipo na tutaipima kwako wewe, na familia yako, na matiti yako, sio kwa uvumi. Akanipa karatasi nisome, akasema sio lazima uamue leo. Miadi yangu ni mwezi ujao tarehe za katikati, nikishaamua nitarudi kuongezea hapa.